Vitanda Maradufu, Nafuu ya Siku Nne

Chukulia hospitali ya wilaya iliyotenga vitanda 40 kwa ajili ya wagonjwa wa mlipuko, huku idadi ya wanaohitaji kulazwa ikiongezeka maradufu kila baada ya siku nne. Leo vitanda vyote 40 vimejaa. Kilio kinafika mkoani, magodoro yanaletwa, mahema yanasimikwa, vitanda vingine 40 vinapangwa. Viongozi wanakuja, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Siku nne baadaye vitanda vyote 80 vina watu, na mgonjwa wa 81 yuko sakafuni. Uwezo umezidishwa mara mbili. Nafuu iliyopatikana ni ya siku nne.

Sasa turudi nyuma hadi siku ambayo waliolazwa walikuwa watano tu. Ugonjwa ukiachwa ujiendee, kutoka watano kufika kumi, kisha ishirini, kisha arobaini ni siku 12. Ukipunguzwa kasi, idadi ikawa inaongezeka maradufu kila baada ya siku 12, mwendo huohuo unachukua siku 36. Zimepatikana siku 24 bila kununua godoro hata moja.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa magonjwa ya mlipuko, wakiulizwa habari za vitanda, hukimbilia kuzungumzia mikusanyiko, maji, barakoa na vyandarua. Hawakwepi swali. Wanajua kwamba kitanda kinaongezwa kimoja kimoja, na ugonjwa unajizidisha. Kwa watu wa Masasi na Newala jambo hili lina historia yake, kwa kuwa ni katika wilaya hizo mbili, mwaka 1952, ndipo ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao leo unasumbua nchi nyingi za joto duniani. Tutaufikia. Kwanza tukubaliane kitanda cha hospitali ni kitu gani.

Kitanda ni watu

Mtu akisikia hospitali ina vitanda mia, huona chuma na godoro. Daktari wa zamu huona watu. Wiki moja ina saa 168. Muuguzi mmoja hufanya kazi saa 40 na kitu kwa wiki, kwa hiyo nafasi moja ya uuguzi isiyokaa wazi usiku wala mchana inahitaji wauguzi wanne, na ukiweka likizo, uzazi na ugonjwa, watano. Wodi yenye nafasi tatu za uuguzi kwa kila zamu ni wauguzi kumi na watano kwenye orodha ya malipo.

Mwanzoni mwa 2020 China ilijenga hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan kwa wagonjwa wa UVIKO-19, yenye vitanda 1,000, kwa muda wa siku kumi hivi. Dunia ilistaajabia matingatinga. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba jeshi lilipeleka wahudumu wa afya 1,400 kuihudumia, wote wakiwa tayari wamesomeshwa. Jengo linasimama kwa siku kumi. Stashahada ya uuguzi hapa kwetu ni miaka mitatu, na ya utabibu vilevile. Chuo cha uuguzi Newala, cha Ndanda na kile cha matabibu Masasi vinazalisha watu hao kila mwaka, lakini hakuna chuo kinachoweza kuharakisha mwaka wa tatu kwa sababu mlipuko umeingia mkoani.

Baada ya watu inakuja hewa. Kwa ugonjwa unaoshambulia mapafu, kitanda kisicho na oksijeni ni mahali pa kulala tu. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule unaoviringishwa na wanaume wawili, unabeba lita 6,800 hivi za oksijeni. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Wagonjwa sita wa namna hiyo wanakula mitungi takriban 13 kwa siku, na mitungi lazima isafirishwe ikajazwe, irudi, ipokewe, ifungwe kwenye mrija. Lori likiharibika njiani, vitanda sita vinakufa hata kama mashuka yamenyooshwa.

Cha tatu ni muda. Idadi ya vitanda vinavyotumika ni wagonjwa wanaoingia kwa siku ukizidisha kwa siku anazokaa kila mmoja. Wakiingia kumi kwa siku na kila mmoja akakaa siku nane, unahitaji vitanda 80. Ukiweza kuwaruhusu salama siku ya tano, kwa kuwa zahanati ya kijijini kwao itawafuatilia, unahitaji 50. Vitanda 30 vimepatikana kwa simu na daftari la ufuatiliaji.

La mwisho ni kwamba vitanda haviko wazi vikingoja janga. Mvua zikianza kusini, malaria hujaza wodi za watoto. Wajawazito hawaahirishi uchungu. Bodaboda hazipumziki. Kila mgonjwa kwetu anakuja na mtu wa kumuuguza: dada, mama au shangazi anayepika uji, anayefua, na usiku anatandika mkeka au kanga chini ya kitanda. Wodi yenye wagonjwa 30 ina watu 60 wanaopumua hewa moja. Siku za msongamano watoto hulala mzungu wa nne, wawili kitanda kimoja. Mlipuko unaikuta hospitali katika hali hiyo.

Takwimu za kimataifa za mwaka 2010 ziliiweka Tanzania kwenye vitanda 0.7 kwa kila watu 1,000. Italia, ambayo hospitali zake za Lombardia zilizidiwa Machi 2020 mbele ya macho ya ulimwengu, ilikuwa na zaidi ya vitanda vitatu kwa kila watu 1,000. Aliyekuwa na vitanda zaidi ya mara nne yetu alizidiwa. Hatuwezi kujenga hadi tuushinde mlipuko. Lazima tuupunguzie mwendo.

Kilele na ghala la korosho

Mkulima wa Newala au Masasi anaielewa hoja ya kilele kuliko wasomi wengi, kwa sababu ya ghala la chama cha msingi. Magunia ya msimu mzima ni yaleyale. Yakiletwa yote siku moja, mzani unazidiwa, foleni inazunguka jengo, magunia yanalala nje, na mvua ikinyesha korosho zinaharibika. Yakiletwa kwa wiki sita, mzani uleule na karani yuleyule wanapokea yote na hakuna gunia linaloloa. Ghala halikupanuliwa, mpangilio ndio uliobadilika.

Kwa ugonjwa habari ni njema zaidi, maana ukipunguza kasi, hata jumla ya wagonjwa inapungua. Wataalamu hutumia kipimo kimoja: mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, anaambukiza watu wangapi kwa wastani? Kwa surua ni 12 hadi 18. Kwa UVIKO-19 wa mwanzo ilikuwa kati ya wawili na watatu. Tuchukue wawili na nusu, na mji wa watu 100,000. Kwa hesabu ya kawaida ya magonjwa ya kuambukiza, inayochukulia kwamba watu wote wanachanganyika sawa na hakuna anayebadili mwenendo, siku ya kilele watu 23 katika kila 100 watakuwa wagonjwa kwa wakati mmoja. Ndio 23,000. Mwishoni, watu 89 katika 100 watakuwa wameambukizwa.

Sasa punguza mikutano ya kuambukizana kwa asilimia 40, kila mgonjwa akaambukiza mmoja na nusu badala ya wawili na nusu. Kilele hakishuki kwa asilimia 40. Kinashuka hadi watu 6 katika 100, karibu robo ya kile cha kwanza, na jumla ya watakaougua inashuka kutoka 89 hadi 58 katika 100. Anayeuliza kama inafaa kuhangaika na barakoa wakati watu hawawezi kukaa ndani wote, jibu lake ni hilo. Hatua nusu inaleta faida zaidi ya nusu.

Tutafsiri kwa vitanda. Tuseme mmoja tu kati ya kila wagonjwa mia anahitaji kulazwa. Bila kupunguza kasi, siku ya kilele vinahitajika 230 kwa mara moja. Kwa kupunguza, 63. Mji huo wa watu 100,000, kwa kiwango cha vitanda 0.7 kwa watu 1,000, una vitanda 70 kwa magonjwa yote. Hata 63 ni mzigo mzito, utakaosukuma upasuaji usio wa haraka na kutafuta wodi ya ziada. Lakini ni mzigo unaobebeka. Kwa 230 hakuna cha kupanga.

Newala, 1952

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vyake vya mawe. Juu uwandani udongo ni wa kichanga, unanywa mvua yote, na maji ya kuteka karibu hakuna. Zamani wanawake walishuka makorongo hadi kwenye chemchemi zilizo chini ya ukingo, wakapanda tena na mitungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho hilo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba, gizani, siku nyingi.

Mwaka 1952 ulizuka uwandani ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyomkunja mtu mzima asiweze kusimama wima. Wamakonde waliupa jina, na jina hilo ndilo linaloandikwa leo katika vitabu vya tiba duniani kote: chikungunya. Mlipuko uliendelea hadi 1953 katika vijiji vya Newala na Masasi. Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe nchini Uganda, alichunguza namna ugonjwa ulivyosambaa. Maelezo yao yalichapishwa 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akachapisha habari za kirusi chenyewe.

Uchunguzi wa Lumsden ulimfikisha ndani ya nyumba, kwenye vyombo vya maji. Mbu aina ya Aedes aegypti alikuwa akizaliana mitungini. Ukame wa uwanda ulikuwa umeweka dimbwi dogo katika kila nyumba, na kila dimbwi lilikuwa na mbu wake.

Ugonjwa huu hauui wengi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuudharau ukizungumzia vitanda. Lakini mlipuko unaolaza nusu ya kijiji kwa wiki mbili unamlaza pia muuguzi, dereva wa gari la wagonjwa, mfamasia na mpishi wa hospitali. Muuguzi akishindwa kusimama, vitanda vyake vyote vimefungwa. Wachache wanaougua sana, hasa watoto wachanga walioambukizwa na mama wakati wa kujifungua na wazee wenye maradhi mengine, wanafika hospitali siku ambayo wahudumu nao wamelala majumbani.

Lamu, Ngazidja, Réunion

Miaka 50 baadaye kirusi hichohicho kilitembea pwani yetu. Katikati ya 2004 kilizuka Lamu, wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji majumbani. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu 75 katika kila 100 wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo kikafika Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 kilikuwa Ngazidja, Komoro, ambako watu 63 katika 100 waliambukizwa. Kisha kikavuka hadi kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa, chenye hospitali za kiwango cha Ulaya. Huko, mwaka 2005 na 2006, waliugua watu takriban 266,000, zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Katika wiki mbaya kuliko zote, mwanzoni mwa 2006, wagonjwa wapya walizidi 40,000. Vifo vilizidi 200.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hospitali za Réunion zilikuwa na fedha, wataalamu na ndege za kwenda Ufaransa. Hazikuwa na uwezo wa kumpokea kila mmoja kati ya wagonjwa 40,000 wa wiki moja, na hakuna hospitali duniani yenye uwezo huo.

Kinachopunguza kasi ya chikungunya, na dengi iliyoisumbua Dar es Salaam 2014 na 2019, kinaonekana kidogo mno. Aedes anataga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo ni meusi, madogo kama vumbi la pilipili manga, na yamegandana na ukuta. Ukimwaga maji na kuacha chombo kikauke, mayai hayafi. Yanaweza kungoja miezi, na maji yakirudi yanatoa viluwiluwi. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kazi ni kusugua, mara moja kila wiki, kwa brashi au gunzi la mahindi, kuta za ndani za mtungi, pipa, ndoo na tangi, kisha kufunika kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba mpaka mbu asipate upenyo. Wiki moja ikirukwa, kizazi kimoja cha mbu kimetoka.

Mbu huyu anauma mchana. Chandarua cha usiku hakimzuii kumuuma mtu aliye jikoni saa nne asubuhi. Chandarua kina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii: kumkinga jirani dhidi ya mgonjwa. Katika wiki ya kwanza ya homa, damu ya mgonjwa imejaa virusi, na mbu akimuuma yeye ndipo anapobeba. Mgonjwa akilala ndani ya chandarua mchana, nyumbani au wodini, mnyororo umekatwa pale pale. Ni kitanda kimoja kinacholinda vitanda vingine.

Ugonjwa wa pumzi

UVIKO-19 ulipita njia nyingine, na mtungi uliosuguliwa vizuri haukuuzuia hata kidogo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya Ummy Mwalimu tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Daladala za Dar es Salaam zikaambiwa zibebe abiria wa kukaa tu, ndoo za kunawia zikasimama kila mlango. Takwimu zilipoacha kutolewa Mei mwaka huo zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni, shule zote 29 Juni.

Uzoefu wa China uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa 2020 ulikuwa kwamba kati ya wagonjwa waliothibitishwa, 80 katika 100 wanapona bila shida kubwa, 15 wanahitaji oksijeni na watano wanakuwa mahututi. Ni hao 15 wa katikati ambao uhai wao unaamuliwa na hesabu ya mitungi tuliyoifanya. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizotoka Marekani. Oktoba mwaka huohuo ukaja mpango wa shilingi trilioni 1.3 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya huduma za dharura na mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini.

Tazama tarehe hizo. Mtu aliyeambukizwa Aprili 2020 aliikuta hospitali isiyojua ampe dawa gani. Aliyecheleweshwa hadi mwisho wa 2021 aliikuta hospitali yenye oksijeni zaidi, madaktari waliokwisha kuujua ugonjwa, na huenda alikuwa amechanjwa. Ni mtu yuleyule na mapafu yaleyale. Kuchelewa kuugua kulimpa nafasi ya kupona, na hiyo ndiyo hoja ya mwisho dhidi ya wanaosema kwamba kila mtu ataugua tu, kwa hiyo tusijisumbue. Muda ulionunuliwa ni mali, kwa sharti moja: utumike. Ukinunua miezi mitatu kwa kufunga shule kisha miezi hiyo ikapita bila mtambo wa oksijeni wala muuguzi mpya, umewatoza watoto gharama bure.

Kuna namna ya tatu ya kupunguza kasi, nayo ni kuuwahi ugonjwa ungali mchanga. Kagera, Machi 2023, virusi vya Marburg vilitangazwa tarehe 21. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki, na walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya. Zaidi ya watu 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa siku kwa siku. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Vitanda vilivyohitajika vilikuwa vichache kwa sababu daftari la majina lilijazwa mapema.

Gharama na ratiba

Kupunguza kasi si bure, na mtaalamu anayewaambia watu wafunge kila kitu hajawahi kuishi kwa korosho. Msimu ni mmoja kwa mwaka, kuanzia Oktoba. Fedha ya mnada ndiyo ada, bati, sare na deni la dukani. Kuufunga mnada ni kuwaumiza watu ili wasiugue. Lakini mnada hauhitaji umati. Wakulima wanaweza kutuma wawakilishi, vyama vikagawana siku, kupima kukafanyika nje penye upepo, na malipo yakapitia benki. Korosho inauzwa, na watu mia tano hawakubanana ndani ya ghala.

Jando na unyago nazo zina msimu wake. Ngoma kubwa inayokusanya vijiji vitano inaweza kusogezwa. Mafunzo ya vijana wachache kwa mlezi wao hayana ulazima wa kusogezwa. Msiba ni mgumu zaidi, na hakuna amri itakayowazuia ndugu kuzika. Kinachowezekana ni kuzika kwa heshima na wahusika, na kupunguza siku za kukaa matanga ndani ya chumba kimoja. Masheikh, mapadri na makungwi wakikaa na mganga mkuu wa wilaya kabla ya mlipuko, wanayapanga haya kwa utulivu. Wakikutana wakati wodi imejaa, kila upande unakuja na hofu yake.

Hospitalini kwenyewe kuna hatua zisizohitaji fedha ya wafadhili. Mwuguzaji mmoja kwa kila mgonjwa, wengine wangoje nje. Madirisha wazi. Barakoa ya kwanza na chanjo ya kwanza ziende kwa muuguzi na mfagiaji, kwa sababu wao ndio kitanda. Wagonjwa wasio na hali mbaya wauguzwe nyumbani, familia ikiwa imefundishwa dalili za hatari: kupumua kwa shida, kushindwa kunywa, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi. Anayeziona apelekwe mara moja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoijua kila nyumba kwa jina la mama mwenye nyumba, wanaweza kupita na kuuliza kila siku.

Jambo moja zaidi liko nje kabisa ya wizara ya afya. Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu uwandani, na hadi leo chanzo cha Mitema, bonde la Kitangari, kinategemewa. Bomba likitoa maji kila siku, hakuna sababu ya kuyaweka wiki mbili ndani ya pipa, na Aedes anakosa makazi. Watu wananawa, na kipindupindu nacho kinapungua. Bomba likikauka, mapipa yanarudi, dumu la lita 20 linakuwa na bei, na sabuni inakaa kando. Pampu inayozimika Mitema inapunguza vitanda vya hospitali ya Newala, ingawa hakuna ripoti ya afya inayoihesabu hivyo.

Kwa hiyo madiwani wa Masasi na Newala, bajeti ya afya inapoletwa mbele yenu, msiridhike na idadi ya vitanda. Ulizeni maswali manne. Wauguzi wa zamu ya usiku ni wangapi kwa kila wodi? Oksijeni iliyopo inatosha wagonjwa wangapi kwa saa ngapi, na gari la kuifuata lina mafuta? Zahanati zetu zinapeleka taarifa ya homa zisizo za kawaida baada ya siku ngapi? Na maji yanatoka bombani siku ngapi kwa wiki? Halmashauri yenye majibu mazuri ya maswali hayo ina hospitali kubwa kuliko majengo yake. Sisi wengine tusiokaa barazani tuna kazi ya nyumbani: kusugua kuta za vyombo vya maji kila wiki, kumlaza mwenye homa ndani ya chandarua hata mchana, na kuwahi zahanati kabla ya kuwahi hospitali.